Mbege ya Kuonyeshwa Mpaka

Mtu akisema redioni kwamba mwanamichezo mzuri ni yule anayejua kugawa muda wake kati ya mazoezi na familia, naizima redio. Mke wangu ananijua, hata haniulizi. Kugawa! Kana kwamba muda ni mbuzi wa Krismasi, huyu umpe paja, yule umpe mbavu, kila mtu aondoke ameridhika. Mimi muda niliugawa vizuri sana, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kilichonishinda ni Jumapili, tena zenyewe zilikuwa tatu tu, na hizo tatu zilitosha kuniharibia nyumba.

Kwetu ni Kirua Vunjo, na mimi ni kitinda mimba. Huku kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zako wanapewa vyao au wanakwenda mjini kutafuta maisha, wanarudi Desemba na watoto wasiojua Kichagga, wanakula, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe unabaki na mzee, ng'ombe na makaburi. Mama yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa baba, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu. Sikulalamika. Nilikipenda kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na ninalisema hilo kwa sababu wapo wanaodhani sikukipenda.

Kilianzia barabarani, kikashuka na migomba na kahawa mpaka nyumbani, kikapita nyumba na zizi, kikafika kwenye mfereji wa maji unaotoka mlimani. Chini ya mfereji kulikuwa na kipande kingine, kidogo lakini kinono kuliko vyote, udongo mweusi, maji yapo hapo hapo. Baada ya kipande hicho ndipo kinaanza kihamba cha baba mdogo, mdogo wake baba wa kufuatana naye ziwa. Kipande hicho cha chini ya mfereji ndicho nitakachokizungumzia mpaka mwisho, kwa hiyo kishike kichwani.

Baiskeli iliniingia kwa njia ya maziwa. Mke wangu alikuwa na ng'ombe wawili, na mimi kila asubuhi nilifunga madumu kwenye ile baiskeli nyeusi ya mizigo, nikashuka mpaka lami, nikaenda Moshi mjini kwenye mahoteli, halafu nikapanda tena na madumu matupu. Anayezijua barabara zetu anajua maana ya kupanda. Fundi baiskeli mmoja pale mjini, ambaye alikuwa na kikundi chake cha vijana wa mbio, akaniuliza nyumbani ni wapi na natumia muda gani kufika. Nikamwambia. Akanitazama miguuni, akasema, "Aisee, wewe unapoteza miguu yako kwa maziwa." Akaniazima baiskeli nikashindane. Nikawa wa saba. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mtu mzima mwenye mke, na nikarukwa na akili kama mtoto aliyepewa soda yake ya kwanza.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mitumba ya kila aina ilikuwa imejaa mjini, viatu, redio, majokofu, na ndani yake baiskeli za Ulaya za mbio, nyembamba, gia kumi, usukani umekunjwa kama pembe za kondoo. Nilimbadilisha mtamba kwa moja. Mtamba mwenyewe alikuwa wa mke wangu, maana kwetu maziwa na mambo ya zizini ni ya mama wa nyumba, na sikumwuliza. Alirudi kutoka mferejini akakuta kamba tupu. Hakunifokea. Alisimama pale na ndoo kichwani, akaitazama ile baiskeli nilivyoiegemeza ukutani, akasema, "Hii nayo inakamuliwa?"

Watu wakanicheka, hasa kwa kile kikaptula cha kubana. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia baba kwamba mwanawe anapita mbele ya wake za watu akiwa uchi. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mwanzoni alikuwa upande wangu, hilo nalo liandikwe. Nikipita mbele ya nyumba kwa kasi alinyanyua bakora yake juu, nami nikaongeza kasi kwa ajili yake.

Lakini baiskeli ya mbio haina mahali pa kufungia mzigo, na hapo ndipo upuuzi wangu ulipokomaa. Mazoezi yangu ya mchana nilikuwa nikishuka mpaka tambarare, Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, nikazunguka kule ambako barabara ni bapa, kisha nikapanda mlima wote kwa saa yangu ya mkononi. Wakati wa kiangazi majani ya ng'ombe huisha huku juu, na wanawake hushuka huko huko tambarare kuyakata na kuyapandisha kwa kichwa. Mke wangu aliniambia mara moja tu, "Baba watoto, na wewe si unatoka huko huko kila siku? Hata fungu dogo." Nikamweleza kuhusu uzito. Nilimweleza kwa urefu, kwa utaalamu, mpaka akaenda zake jikoni huku bado naongea.

Siku moja nilikuwa napanda, nimeinamisha kichwa, naangalia saa, nikawaona wanawake wanne mbele yangu kwa mstari na mafungu yao ya majani. Nikapiga kelele, "Pembeni!" Wakaingia mtaroni wote wanne. Wa tatu nilimtambua kwa kanga. Alikuwa amesimama na maji ya mtaro yamemfika kifundoni, anashikilia mzigo kwa mikono miwili, jasho linamwingia machoni na hawezi kulifuta. Sikusimama. Ukisimama mlimani muda wote umeharibika, na siku ile nilikuwa navunja rekodi yangu. Alifika nyumbani mimi nimeshaoga, nimeshakula. Akatua mzigo, akakaa juu yake, akaniuliza, "Umepata muda mzuri?" Nami, Mungu anisamehe, nikamtajia dakika nilizotumia, na nikamtajia kwa furaha.

Sasa nije kwenye mpaka.

Bei ya kahawa ilianguka. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, watu wakafurahi msimu mmoja au miwili, halafu bei ikaendelea kuanguka mpaka watu wakaanza kung'oa mibuni ambayo babu zao walikatazwa hata kuivunja tawi. Baba mdogo naye akang'oa yake. Na alipokuwa anang'oa, akang'oa pia masale yaliyokuwa mpakani, upande wa chini wa kile kipande chetu. Isale ni mmea tu, majani marefu, hauliwi wala hauuzwi, lakini kwetu ndio uzio wetu na ndiyo hati yetu. Palipo na masale mawili yameangaliana, pana mpaka, na mtu mwenye akili hayagusi. Baba mdogo alisema vijana aliowapa kazi ya kung'oa walipitiwa. Alikuja mwenyewe kumwomba kaka yake radhi, na baba akampokea.

Ila wasiwasi wa baba ukaanza hapo. Aliniita, akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Kile kipande cha chini ya mfereji awali kilikuwa cha baba mdogo. Miaka mingi nyuma walibadilishana: baba akampa mdogo wake sehemu ya juu iliyogusa barabara, yeye akachukua hiki cha majini. Hakuna karatasi. Waliandikiana nini, ndugu wawili wa tumbo moja? Mashahidi walikuwa wazee watatu wa ukoo, wawili wameshazikwa, amebaki mmoja, kipofu wa jicho moja, anayetoka kwake Jumapili tu wajukuu wanapompeleka misa ya kwanza kwa gari.

"Kwa hiyo iwe Jumapili," baba akasema. "Baada ya misa. Mzee yule awepo, mdogo wangu awepo, na wewe uwepo. Tuzunguke kona zote, tunywe mbege kila kona, tupande masale upya. Mpaka siwezi kukuambia tukiwa tumekaa hapa. Lazima ukanyage mwenyewe, na mdogo wangu akuone ukikanyaga."

Nikasema sawa, baba. Nilimaanisha. Lakini mashindano ya baiskeli nayo ni Jumapili, maana ndiyo siku barabara ina nafasi.

Mbege ni pombe, si chai. Mke wangu alichemsha ndizi zilizoiva, akaziacha siku kadhaa, akasaga ulezi, akapika, akachanganya, karibu wiki nzima ya kazi, na ikishaiva ina siku mbili kabla haijawa siki. Alipiga hesabu iive Jumamosi jioni. Alhamisi fundi akanitumia ujumbe kwamba kuna mbio Arusha, na mimi nimo kwenye orodha. Nikamwendea baba. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamwambia Jumapili ijayo, au ile nyingine. Baba akasema, "Mbege imeshapikwa." Nikasema watu watainywa tu, haitamwagika. Waliinywa. Yule mzee aliletwa, akakaa, akanywa, akauliza kijana yuko wapi, akarudishwa kwake. Kule Arusha tairi langu lilipasuka kabla ya nusu ya njia.

Mara ya pili mbio zilikuwa hapa hapa Moshi, za asubuhi. Niliapa kwamba saa saba mchana nitakuwa nyumbani. Na ningeweza, maana saa tano tulikuwa tumemaliza, na nilikuwa wa pili. Wa pili! Kati ya wanaume waliotoka mikoa mitano. Nilipewa kikombe kidogo cha bati na chupa ya chai. Wenzangu wakanipandisha kwenye pikapu, wakaweka baiskeli juu, na wakasema hatuwezi kumrudisha huyu kimyakimya. Tulipanda mlima polepole, honi inalia, tunasimama kila penye maduka na kila penye klabu ya pombe, watu wanatoka, wanapiga makofi, wanaume wazima wananishika mguu kuona kama ni mguu wa kweli. Sijawahi kupendwa namna ile, kabla wala baada. Nilifika nyumbani jua linazama, kikombe mkononi. Yule mzee alikuwa amengoja mpaka saa kumi na moja. Baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba na kata tano za mbege zimeoshwa na kupangwa kifudifudi kwenye benchi. Nikampa kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akakitazama pande zote, akanishukuru kwa Kichagga, "Aika, mwanangu." Halafu akaingia ndani.

Kabla mwezi haujaisha yule mzee akafariki. Kwenye mazishi baba alisimama karibu yangu, akaninong'oneza, "Sasa anayejua ni mimi na yeye." Yeye, maana yake baba mdogo, aliyekuwa upande wa pili wa kaburi anaimba kwa sauti nzuri.

Tukapanga mara ya tatu. Baba mdogo alikubali bila tatizo, tena kwa bashasha. Mke wangu akapika mbege tena. Ijumaa ile nikaitwa: mbio za kuchagua timu ya mkoa ya kwenda mashindano ya taifa. Nilikuwa nimeshafika miaka thelathini na tatu na nilijua sitaitwa tena. Nilimkuta mke wangu anachuja mbege, mikono imejaa machicha mpaka kwenye viwiko.

"Usiniambie," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Ni mara moja tu maishani mama watoto."

"Na mimi nimepika mara tatu. Ya nne sipiki."

"Jumatatu nitazunguka naye. Peke yetu."

"Jumatatu baba mdogo atakuwepo? Mjinga wewe! Si yeye ndiye anayetakiwa kukuona ukikanyaga?"

Hakuwahi kuniita mjinga kabla ya siku ile. Nilikasirika. Nilimwambia yeye ni mwanamke, hajui maana ya mtu kujaribu kuwa kitu duniani. Akaendelea kuchuja. Sikujua, niliambiwa baadaye na binti yangu mkubwa, kwamba Jumapili ile nilipokuwa nimeondoka, mke wangu alimwendea baba na kupiga magoti, akamwambia, "Baba, nionyeshe mimi. Mimi ndiye ninayelima pale kila siku. Nitakanyaga mimi." Na kweli ndiye aliyekuwa analima. Kahawa ilipokufa, yeye ndiye aliyepanda migomba mipya kwenye kile kipande, akaweka nyanya na maharage, akavuta maji ya mfereji kwa zamu, na tulikula kutoka pale, na binti yetu alisoma kutoka pale. Baba alimjibu kwa upole kwamba mkamwana haonyeshwi mpaka. Haijawahi kutokea. Nimemkasirikia baba kwa hilo miaka yote hii, na sina haki ya kumkasirikia, na bado nimemkasirikia. Ndugu wawili wakakaa, wakanywa, wakaongea habari za utoto wao. Baba mdogo akasema kijana akirudi tutakwenda, kaka, kwani tunakimbizwa na nani? Mimi huko nilikuwa wa kumi na nne. Walichukua wanane.

Jumatatu nilipeleka maziwa kama kawaida. Niliporudi nilimkuta baba ameanguka zizini, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Tulimlaza hospitali wiki tatu. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa, na maneno yote yamekwisha. Alibaki na sauti moja tu, kama mtu anayetaka kuanza kuongea akakatizwa.

Nilimbeba. Naomba hilo lijulikane. Nilimkalisha kwenye kiti, mimi na shemeji yangu tukakibeba mpaka chini ya mfereji, tukamzungusha, nikamwambia, "Baba, nionyeshe kwa mkono, ni hapa? Ni pale?" Alinyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha mti, akaonyesha mfereji, akaonyesha mlima, kisha akanionyesha mimi, akaanza kulia. Mkono ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kila alichoonyesha kilikuwa vitu vitano. Tukamrudisha.

Haikupita mvua moja baba mdogo akaweka mtu wa kulima mpaka kwenye ukingo wa mfereji. Nikamfuata kwa hasira. Akanipokea kwa heshima zote, akaniletea kiti. Akasema mpaka wa asili ni mfereji, babu aliuweka, na kile kipande alimwazima tu kaka yake alime. Na ile sehemu ya juu ya barabarani? Akasema hiyo ilikuwa yake tangu mwanzo, na mwanawe ameshajenga nyumba pale, nani asiyejua? Alisema yote bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Likaenda kwa wazee wa ukoo. Asubuhi ya siku ile mke wangu alinipigia pasi shati. Akasema, "Kaseme ukweli au kaseme uongo, mimi sitakuuliza. Lakini usirudi bila shamba."

Walikaa saba, na mwenyekiti wa kitongoji wa nane. Baba tulimleta, wakamwuliza, akatoa ile sauti yake, akalia, wakasema mzee apumzishwe. Baba mdogo akachukua udongo kiganjani, akala kiapo, hakutetemeka. Kisha wakanigeukia. Mkubwa wao akasema, "Wewe ndiye unayebaki na nyumba. Baba yako alikuonyesha mpaka?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Mbele ya nani?"

Nikamtaja yule mzee marehemu, na baba mdogo mwenyewe. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayeona mtoto wake akiiba.

"Lini?"

Hapo nilitakiwa kusema sikumbuki. Mtu yeyote mwenye akili angesema sikumbuki. Lakini nilitaka uongo wangu uwe na nguvu, nikatafuta siku ambayo kila mtu alijua mbege ilipikwa na yule mzee aliletwa kwetu, nikaitaja: Jumapili ile ya baada ya Pasaka. Nilipomaliza kuitaja tu nikaona nyuso zao. Mmoja wao, mtu mzuri, rafiki wa baba, aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akasema taratibu, "Jumapili hiyo si ndiyo uliyopita hapa na pikapu? Na kikombe? Tulitoka wote tukakupigia makofi. Mimi nilikushika mguu."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Wakanong'onezana kidogo, wakaamua kwamba mpaka ni mfereji, na masale yapandwe ukingoni siku ile ile. Baba mdogo kwa moyo wake mwema akasema anatupa mpaka Jumapili tung'oe tunachotaka, migomba, machipukizi, chochote, yeye hataki jasho la mtu. Wazee wakamshukuru. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari, habari kwetu zinakwenda kwa miguu haraka kuliko baiskeli yoyote. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. Akasema, "Hata kudanganya hukufanya mazoezi."

Jumapili ile kulikuwa na mbio za kwenda Himo na kurudi. Ndogo tu, hazina maana yoyote. Nilikwenda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na nimejibu kila mara kwa namna tofauti, na majibu yote ni ya mwoga. Sikutaka kuonekana nang'oa migomba huku baba mdogo akitazama. Sikutaka kumtazama baba. Kwenye barabara hakuna aliyejua kwamba mimi ndiye yule, nilikuwa mgongo na namba tu, na kwa muda wa saa mbili nilitakiwa kufanya kitu kimoja ambacho nilikuwa nakijua. Niliondoka watoto wanavaa viatu vya shamba. Nilimwambia mke wangu kwamba nitawahi kurudi niwasaidie. Akasema, "Sawa," neno hilo moja, bila hasira yoyote, na ndilo lililoniogopesha kuliko ile siku ya kuitwa mjinga.

Nilirudi saa nane mchana. Sikumbuki nilikuwa wa ngapi. Kipande cha chini ya mfereji kilikuwa mashimo matupu. Huku juu, kati ya nyumba na zizi, wamepanda machipukizi yamebanana kiasi kwamba nilijua kwa kuangalia tu kwamba nusu yake hayatashika. Watoto walikuwa wamelala sakafuni na matope yao. Mke wangu alikuwa anaosha majembe, na nikaona majembe ni mengi kuliko tuliyonayo. Nikashika moja nikauliza, "Niendelee wapi?"

"Acha," akasema. "Tumemaliza. Baba mdogo alikuja na vijana wake, wametusaidia kung'oa na kubeba."

"Amekuja yeye?"

"Tungefanyaje? Baba alikuwa analia anataka kufika kule chini, mimi na watoto hatukuweza kukinyanyua kile kiti. Amembeba mgongoni, kwenda na kurudi."

Nikatazama kwenye benchi la mbele ya nyumba. Baba alikuwa amefunikwa blanketi, amelala ameketi, mdomo umefutwa vizuri. Nikauliza kama amekula, ili nami niwe na kitu cha kufanya, maana kumlisha ilikuwa kazi yangu ya mchana.

"Ameshakula," mke wangu akasema, akaendelea kuosha jembe la watu. "Ndugu yake amemlisha."